Kongamano la altrasaundi huanzia kwenye mashine yako

Tangazo la kongamano la altrasaundi likishatoka, maswali ya mwanzo kwenye vikundi vya WhatsApp vya wenzetu huwa ni yale yale: nauli kiasi gani, nani anafadhili, hoteli ipi ina bei nafuu. Ni maswali ya haki na nitayafikia. Ila kwa ninavyoona, sonografa (mpimaji wa altrasaundi) wa Uganda anayekwenda kuwasilisha kazi huangushwa zaidi na picha kuliko nauli. Kazi ni nzuri, ugonjwa ni wa nadra, lakini picha zimepigwa kwa simu kutoka kwenye skrini, jina la mgonjwa bado linasomeka juu kushoto, video inagoma kufunguka kwenye kompyuta ya ukumbi, na hakuna fremu hata moja isiyofunikwa na alama za vipimo. Mambo hayo hutengenezwa au kuharibiwa miezi mingi kabla ya safari, ndani ya chumba kile kile cha kupimia unachokifungua kila asubuhi.

Na tuache kudhani kwamba wa kwetu huenda kusikiliza tu. Jamii za kandokando ya Ziwa Albert na Ziwa Victoria zina kichocho cha utumbo, kile cha Schistosoma mansoni, na ini lenye makovu kuzunguka matawi ya mshipa wa porta, ule unaopeleka damu kwenye ini, ni kitu ambacho daktari wa Ulaya anaweza kustaafu bila kukiona. Mwongozo wa Niamey, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000, umekwisha kupanga mionekano ya ini hilo kwa herufi A hadi F, kwa hiyo lugha ya kulieleza ipo tayari. Kaskazini mwa Uganda, watoto na vijana 102,200 walipimwa kwa ekokadiografia, yaani altrasaundi ya moyo, kutafuta ugonjwa wa rumatiki ambao bado haujaonyesha dalili, na 818 wakaingizwa kwenye jaribio la sindano za penisilini. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Matokeo hayo yalitoka mwishoni mwa 2021 na yanazungumzwa duniani kote. Kuna FASH pia, kipimo cha haraka cha kutafuta kifua kikuu kilichosambaa kwa wenye VVU: maji kuzunguka moyo, limfu za tumboni zinazozidi sentimita 1.5, vidoadoa vyeusi kwenye bandama. Vituo vyetu vinaona mambo haya kwenye kazi za kawaida. Kinachotakiwa ni kuyahifadhi vizuri.

Picha zikusanywe mapema

Kwa kawaida dirisha la kupokea ikisiri, yaani muhtasari wa kazi yako, hufungwa miezi 4 hadi 6 kabla ya kongamano lenyewe. Ukihesabu muda wa ruhusa na wa kuandika, picha zinatakiwa kuanza kukusanywa miezi 8 au 9 kabla, hata mwaka.

Kwa kila mgonjwa unayeona atafaa, hifadhi kwa mpangilio huu: video fupi kwanza, kisha fremu safi isiyo na alama, na fremu yenye vipimo mwisho. Ukigandisha picha, mashine hushikilia sekunde chache tu za nyuma kwenye kumbukumbu yake. Ukianza kupima, kisha ukafungua tena picha, sekunde hizo zimeondoka na hazirudi. Fremu safi nayo ina kazi yake. Misalaba ya kupimia ikikaa kwenye ukingo wa uvimbe, mtazamaji haoni ukingo, na ukingo ndio aliotaka kuuona.

Mipangilio ya mashine ni ile ile tunayofundishwa, ila kwa picha ya kongamano isilegezwe hata kidogo. Kina kiwe cha kufanya kitu unachoonyesha kijaze kama theluthi mbili za skrini. Fokasi ikae usawa wa kitu hicho au chini yake kidogo. Geini, yaani ukuzaji wa mwangwi, ipime kwa kutazama kibofu cha mkojo au cha nyongo: maji yasipokuwa meusi, umezidisha. Probu, kile kifaa cha kushika mwilini, iwe konveksi (uso wa kupinda) ya 2–5 MHz kwa tumbo na mimba iliyokua. Linia (uso ulionyooka) ya 7–12 MHz kwa tezi, titi, kende, na kidole tumbo cha mtu mwembamba. Nimeona picha nyingi za kidole tumbo zilizopigwa kwa konveksi peke yake, na hapo hata ukiwa umepatia ugonjwa, ukuta wenye tabaka hauonekani, na msikilizaji hana sababu ya kukuamini. Ukiwa na linia, bana taratibu mpaka gesi ihame, onyesha mwisho uliofungwa wa kidole, onyesha kwamba hakibonyei, na uhifadhi yote hayo kama video.

Kwenye Dopla, inayopima mwendo wa damu, pembe kati ya mawimbi na mkondo wa damu ikizidi digrii 60 namba ya kasi haitetewi tena, kwa sababu kosa dogo la pembe linageuka kosa kubwa la kasi. Mawimbi ya ateri ya kitovu yawe matatu mpaka matano, yanayofanana, mama akiwa ametulia na mtoto hafanyi miondoko ya kupumua wala hachezi. Wimbi likikatika juu na kutokea chini, ongeza PRF (idadi ya mapigo ya sauti kwa sekunde) au shusha mstari wa sifuri kabla ya kuhifadhi, maana baada ya hapo hakuna programu ya kulirekebisha.

Namba za MI na TI, zinazokadiria athari za mtikisiko na joto la mawimbi mwilini, ziache zionekane. Kwenye ukumbi wa altrasaundi ya uzazi kuna watu wanaotazama namba hizo kabla hawajatazama kijusi. Mwongozo wa ISUOG, chama cha kimataifa cha altrasaundi ya uzazi, kuhusu Dopla katika mimba ya wiki 11 hadi 13 na siku 6 unataka TI isizidi 1.0, na muda uwe mfupi kadiri inavyowezekana, kwa kawaida dakika 5 hadi 10. Ukionyesha moyo wa kiinitete cha wiki 7 kwa Dopla ya mapigo, jiandae kuulizwa kwa nini hukutumia M-mode, mchoro wa mwendo usiotumia Dopla, na muulizaji atakuwa na haki. Afadhali kazi hiyo uifanye kwa M-mode tangu mwanzo, kwa faida ya mtoto zaidi ya faida ya kongamano.

Yapo mambo madogo ya chumba chetu ambayo vitabu havitaji. Umeme unapokatika mara kwa mara na betri ndogo ya saa iliyomo ndani ya mashine ikachoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila inapowashwa. Picha zinabeba tarehe ya uongo, na umri wa mimba ambao mashine inaukokotoa kutoka hedhi ya mwisho unakuwa hauna maana. Tazama tarehe kila asubuhi. Mashine nyingi za zamani hazisomi flashi kubwa. Tumia ya GB 32 au chini yake, iliyofomatiwa kwa FAT32. Flashi hiyo iwe ya mashine tu. Ikizunguka kwenye kompyuta ya ofisi na ya duka la kuchapa, italeta virusi, na mashine nyingi za altrasaundi ndani yake ni Windows ya zamani isiyo na kinga. Nakili picha zako kila Ijumaa, kwa sababu diski ikijaa, yeyote aliye zamu atafuta za zamani ili aweze kufanya kazi, na hatakuwa na kosa.

Picha ya kutoka kwenye karatasi ya joto ya printa ndogo usiihesabu. Hufifia, na ukiiskani inapoteza rangi za kati za kijivu ambazo ndizo zinazobeba habari. Simu nayo, ikipiga skrini, huongeza michirizi na mwanga wa dirisha. Mashine ikikataa kabisa kutoa picha kwa USB, muombe fundi akufungulie mlango wa kutoa picha; mara nyingi upo ila umezimwa.

Ruhusa

Kisa cha mgonjwa mmoja kinahitaji ridhaa yake ya maandishi, inayotaja wazi kwamba picha zitaonyeshwa kwa wataalamu nje ya hospitali, pengine nje ya nchi. Iandikwe kwa lugha anayoielewa, Kiganda, Kiacholi, Kinyankole au Kiswahili, na asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa idara yako. Iombe siku hiyo hiyo baada ya kumweleza majibu na akatulia. Kumtafuta miezi 6 baadaye kwa namba ya simu iliyokwisha kufungwa ni kazi ya bure.

Ukikusanya wagonjwa wengi kujibu swali, huo ni utafiti. Unapita kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa, unasajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na unahitaji barua ya mkurugenzi wa hospitali. Haya huchukua miezi, si wiki. Ikisiri inayopelekwa bila namba ya kibali hurudishwa, na hata ikipita, kuiwasilisha bila kibali ni kuweka leseni yako rehani.

Kufuta majina, hatua kwa hatua

Chukua picha moja ya ini la kichocho na uifuate mpaka iwe tayari, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudhani wamemaliza kumbe bado.

Itoe kwenye mashine kama DICOM, mfumo wa faili za picha za hospitali. Jina la mgonjwa limekaa sehemu mbili. Moja ni kwenye maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: lebo 0010,0010 ni jina, 0010,0020 ni namba yake, 0010,0030 ni tarehe ya kuzaliwa, na 0008,0080 ni hospitali. Programu kama MicroDicom huyafuta hayo mara moja. Sehemu ya pili ni maandishi yaliyochomwa ndani ya picha yenyewe, ule ukanda wa juu. Hayo ni sehemu ya picha kama ini lilivyo, na programu iliyofuta lebo haijayagusa. Fungua picha kwenye ImageJ, ambayo ni ya bure, chora mstatili juu ya ukanda, ujaze kwa rangi nyeusi, kisha uhifadhi kama PNG. Usitumie JPEG ya kubanwa sana. Huvuruga chembechembe za ini, na kwenye kichocho chembechembe hizo ndizo unazozungumzia. Acha kipimo cha kina pembeni, jina la probu, masafa, MI na TI. Sasa fungua upya ile PNG, ikuze, na upitie pembe zote nne. Jina la hospitali hupenda kujificha chini kulia, na mashine nyingine huandika jina la aliyepima.

Kosa linalojirudia ni kufunika jina kwa kisanduku cheusi ndani ya PowerPoint. Yeyote atakayepata faili lako atakisogeza kisanduku kwa kidole na jina litaibuka. Kukata picha ndani ya PowerPoint kuna hatari hiyo hiyo: sehemu uliyokata bado imo ndani ya faili mpaka utumie amri ya kubana picha na kukubali kufuta yaliyokatwa. Kata na funika kabla ya kuingiza.

Halafu kuna utambulisho usio wa jina. Mtu akisema mwanamke wa miaka 19 kutoka kijiji fulani cha Buliisa, mwenye mimba ya pacha walioungana, mwezi Machi, wilaya nzima imekwisha kumjua. Sema mwanamke kijana, magharibi mwa Uganda, inatosha. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ni ya mwaka 2019, na taarifa za afya imezipa uzito wa pekee.

Video husafishwa kwa njia nyingine kidogo, maana jina limechomwa kwenye kila fremu. HandBrake, ambayo pia ni ya bure, hukata ukanda wa juu na kugeuza video kuwa MP4 ya H.264 kwa mkupuo mmoja. Ugeuzaji huo ni wa lazima hata kama jina halipo: mashine nyingi hutoa AVI zenye kodeki (programu ya kufungulia video) ambayo kompyuta ya ukumbi haina, na matokeo yake ni kisanduku cheusi mbele ya watu 200. Usipunguze idadi ya fremu kwa sekunde. Vali ya moyo kwenye fremu 15 inaruka kama picha zilizopangwa. Sekunde 4 hadi 8 zinatosha, na ziwekwe zijirudie zenyewe. Weka video ndani ya slaidi, na pia ziwe kwenye folda kando. Kisha jaribu faili lote kwenye kompyuta isiyo yako, isiyo na intaneti. Ukijaribu kwenye ya kwako utadanganyika, kwa sababu kodeki ipo na folda ipo.

Bango

A0 ni milimita 841 kwa 1,189. Soma maelekezo kama wanataka limesimama au limelala. Ubao wa kubandikia hautabadilishwa kwa ajili yako. Kwa uchapaji wa nukta 150 kwa inchi, A0 inadai pikseli kama 4,967 kwa 7,022. Sasa angalia hesabu hii: picha ya mashine ya zamani ni pikseli 800 kwa 600. Ukigawa 800 kwa 150 unapata inchi 5.3, yaani sentimita 13.5. Huo ndio upana wa mwisho. Ukiivuta ifike sentimita 30 ili ipendeze, utaonyesha miraba. Afadhali picha nne za sentimita 13 zilizopangwa vizuri, kila moja na mshale mmoja na maneno yasiyozidi mstari mmoja.

Kwa uchapaji, wengi tunakwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na mafundi wa pale wanajua kazi yao, lakini wamezoea mabango ya harusi na kampeni, na picha ya altrasaundi ina tabia yake. Rangi za kijivu iliyokolea hugeuka kuwa nyeusi tupu kwenye wino. Kabla ya kulipia bango zima, omba kipande cha ukubwa wa A4 chenye picha yako yenye giza zaidi. Kama huoni tena tofauti kati ya ini na figo, rudi kwenye kompyuta, ongeza mwanga wa rangi za kati kidogo, ujaribu tena. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, usipeleke faili la PowerPoint, kwa sababu kompyuta yao itabadilisha fonti na mistari yote itahama. Chagua karatasi isiyong'aa. Kama unasafiri kwa ndege, bango la kitambaa hukunjwa likaingia kwenye begi la mkononi. La karatasi linahitaji bomba, na bomba hupenda kubaki kwenye rafu ya juu ya ndege.

Kichwa cha habari kisomeke kutoka mita 3 au 4, na maandishi ya ndani yasipungue pointi 28. Bango lenye maneno zaidi ya 600 halisomwi na mtu, na hilo halijalishi sayansi yake ni nzuri kiasi gani.

Dakika 8 na maswali yanayokuja

Ukipewa dakika 8, slaidi 8 hadi 10 zinatosha, na hotuba isipite maneno 1,000. Isome kwa sauti mbele ya wenzako wa idara, wakiwemo wakunga, maana mkunga ndiye atakayekuuliza swali la kweli kuhusu mgonjwa.

Wasikilizaji wa altrasaundi huuliza mambo yale yale, na ni heri uwe na jibu kwenye slaidi ya akiba. Mashine ipi, probu ipi, masafa gani. Aliyepima alijua majibu ya maabara au hakujua. Waliopima walikuwa wangapi, na walikubaliana kiasi gani. Kama ulikuwa peke yako, chukua picha 20 zilizohifadhiwa, zipime upya baada ya wiki 2 bila kutazama vipimo vya kwanza, ueleze tofauti. Na swali kuu: ukweli uliuthibitisha vipi? Upasuaji, patholojia, CT, au kumfuatilia mgonjwa? Kama ulisema kidole tumbo kimevimba na hakuna aliyefuatilia alipofika hospitali ya Mulago, hiyo bado ni dhana.

Namba ndogo zitajwe na upana wake. Tuseme kulikuwa na wagonjwa 40 wenye kidole tumbo kilichovimba na altrasaundi ikakamata 34. Hiyo ni asilimia 85. Lakini kwa watu 40 tu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 71 na 93 hivi. Ukiitaja mwenyewe, wanakuheshimu. Ukisubiri mtu aitaje kwenye kipaza sauti, dakika zako mbili za maswali zimekwisha.

Usijibu lisilo lako. "Hatukulipima hilo" ni jibu kamili.

Karatasi na fedha

Hapa mpangilio ndio unaoumiza watu. Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza hutolewa baada ya kulipia, kwa hiyo kabla ya kulipa soma masharti ya kurudishiwa fedha viza ikikataliwa, na uyahifadhi. Vyama vingi vya kimataifa hutoza ada kwa kufuata makundi ya Benki ya Dunia, na Uganda imo kwenye kundi la kipato cha chini; punguzo hilo halijitokezi lenyewe kila mara, unalichagua kwenye fomu au unaandika barua pepe kuliomba. Ukilipa kwa hawala ya benki, chagua makato yote yawe juu yako. La sivyo benki za kati zitakata dola zake njiani, waandaaji watapokea pungufu, na usajili wako utabaki "haujakamilika" mpaka siku ya mlangoni.

Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla mpaka siku 15 kabla, na uamuzi unaweza kuvutwa hadi siku 45. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 angalau. Nchi nyingine hupokea maombi Kampala na nyingine hutaka pasipoti ipelekwe Nairobi, kwa hiyo wiki hizo usipange safari nyingine. Kadi ya homa ya manjano ni muhimu kwa sisi tunaotoka Uganda. Sindano ichomwe siku 10 kabla ya safari au mapema zaidi, na tangu 2016 cheti hakiishi muda, hata kama cha kwako kimeandikwa miaka 10. Kongamano likiwa Kenya au Rwanda, kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mganda mpakani.

Kwa aliye kwenye utumishi wa serikali, ruhusa ya CAO, yaani ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, ichukuliwe kwa maandishi, na iombwe pamoja na jina la atakayeshika nafasi yako. Hili la nafasi nalisisitiza. Kwenye Kituo cha Afya cha IV chenye sonografa mmoja, ukiondoka siku 6, mama anayetokwa damu hana pa kupimwa. Mwezi mmoja kabla, kubaliana na hospitali ya jirani, bandika namba zao chumba cha kujifungulia, na wapange upya akina mama waliokuwa na miadi wiki hiyo, hasa wale ambao mimba zinakaribia wiki 24, kwa sababu WHO inapendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki hiyo na baada ya hapo umri wa mimba unazidi kuwa wa kukisia.

Ukifika

Kabidhi slaidi zako chumba cha mafundi siku moja kabla, na ukae palepale mpaka kila video icheze. Beba adapta ya HDMI, na kichwa cha plagi. Soketi zetu za pini tatu za mraba hazipo Ulaya bara.

Warsha za vitendo hujaa wiki za mwanzo, hivyo jisajili pamoja na kongamano. Chagua ile ya kitu utakachorudi kukifanya kwa mashine uliyonayo. Warsha ya elastografia, ya kupima ugumu wa tishu, ni tamu, lakini kama mashine yako haina, siku nzima kwenye misingi ya moyo wa kijusi itawafaa mama zako zaidi. Kata kucha, vua pete, na uombe kushika probu. Anayesimama nyuma anatazama tu.

Kwa wauzaji wa mashine, nenda na maswali yaliyoandikwa. Fundi wenu wa Uganda yuko wapi, na amefunzwa kwenye modeli hii? Probu ikianguka, dhamana inalipa? Bei ya probu moja ya akiba ni ngapi leo, kwa maandishi? Kutoa picha za DICOM ni bure au ni leseni ya kununua? Probu za mkononi zinazotumia simu, je, zina ada ya kila mwaka, na ada isipolipwa zinaendelea kupima? Zinafanya kazi bila intaneti? Probu inapima mfululizo dakika ngapi kabla ya kupata moto na kujizima? Swali hili la mwisho liulize kisha mwombe muuzaji apime mbele yako bila kuacha. Foleni ya kliniki ya wajawazito ina watu 30, na probu inayojizima dakika ya 20 haiwezi foleni hiyo, hata ikitoa picha nzuri kiasi gani.

Cheti cha kuhudhuria kichukue kabla hujaondoka na uhakikishe jina linafanana na lililo kwenye leseni yako, herufi kwa herufi, pamoja na idadi ya saa. Vingine havitumwi kwa barua pepe mpaka ujaze fomu ya tathmini, na kiungo hufungwa baada ya wiki chache. Bila hicho, baraza linalokusajili halina namna ya kukuhesabia pointi za mafunzo endelevu wakati wa kuhuisha leseni. Kiskani, kitume kwa barua pepe yako mwenyewe, na nakala ya karatasi iende kwenye faili lako la hospitali pamoja na slaidi ulizowasilisha, zikiwa tayari zimesafishwa majina, ili anayefuata asianze kwenye karatasi tupu.